DAC ya nje au iliyomo ndani ya deki: hela yako iende wapi?

#1 Fundi_Mafiati

Wakuu, habari za jioni. Nimefungua uzi huu kwa sababu hapa mezani kwangu hawaishi watu wenye DAC ya nje, kiboksi cheusi cha kugeuza sauti ya dijitali kuwa umeme, chenye tundu la optiki (la waya wa mwanga) na tundu la koaksia (la waya wa chuma). Wameambiwa dukani kwamba wakikiunganisha kwenye deki ya DVD, sauti "itafunguka". Kuna ambao inafunguka kweli. Kuna ambao kilichobadilika ni salio tu.

Niseme msimamo wangu mapema tusizungushane. Kwa sidii ya kawaida, chipu ya kugeuza sauti iliyomo ndani ya deki nzima siyo ugonjwa wa mfumo wako. Ugonjwa, kama upo, uko mbele ya chipu, kwenye hatua ya kutolea sauti, au uko kwenye pawa sapulai. Anayenunua DAC ya nje mara nyingi ananunua pawa sapulai nyingine na hatua nyingine ya kutolea sauti. Chipu bora ni jina tu kwenye boksi.

Kwa wageni: sidii imebeba namba. Kila sekunde kuna sampuli 44,100 kwa kila upande, kushoto na kulia, na kila sampuli ni biti 16. Zidisha, unapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Spika haijui namba, inajua umeme unaopanda na kushuka. Kinachozifanya namba ziwe umeme ndicho hicho tunachokiita DAC. Deki inacho, simu inacho, kisimbuzi kinacho, hata sabufa ya kuchomeka flashi inacho. Kwa hiyo mtu akikuambia "wewe huna DAC", mpuuze. Swali ni ipi ifanye kazi.

Sidii zilipoingia sokoni Japani Oktoba 1982, kigeuzi kilikuwa kitu kigumu na ghali. Philips walikuwa na chipu ya TDA1540 ya biti 14, siyo 16. Wakaizidishia sampuli mara 4, kelele ikasukumwa juu kule masikio yasikofika, na matokeo yakakaribia biti 16. Sony kwenye deki yao ya CDP-101 waliweka biti 16, lakini kigeuzi kimoja kilihudumia pande mbili kwa zamu, upande mmoja ukawa nyuma ya mwenzake kwa takriban mikrosekunde 11. Kwa hali ile, sanduku la pembeni lilikuwa na maana, na mwishoni mwa miaka ya 1980 vigeuzi vya peke yake vilikuwa vinauzwa Uingereza na Japani ili mtu aboreshe deki yake bila kuitupa. Ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni umezaliwa enzi hizo na umegoma kustaafu.

Sasa jambo ambalo muuzaji hakuambii. Ndani ya deki, kristali inayopanga mapigo ya kazi imekaa sentimita chache tu kutoka kwenye kigeuzi. Ukizitoa namba kwa waya kwenda sanduku la nje, unatumia mfumo wa S/PDIF walioubuni Sony na Philips, na humo mapigo hayana waya wake. Yamefumwa pamoja na namba. Sanduku la nje linalazimika kuyachambua upya, na likiyachambua ovyo, sampuli zinatoka nyingine zimewahi na nyingine zimechelewa, kama kwaya iliyopewa mpiga ngoma anayesinzia. Ndiyo jita hiyo. Kwa muundo basi, kigeuzi cha ndani ndicho chenye kazi rahisi. DAC nzuri ya nje ina saketi ya kupokea inayosafisha mapigo. Ya bei chee, Mungu anajua.

DAC ya nje inashinda wapi? Kwenye deki yenye hatua mbovu ya mwisho. Nikifungua hizi za bei ya chini nakuta chipu moja inafanya picha, menyu na sauti, halafu opampu (chipu ya kukuza sauti) ndogo ya 4558, na pawa sapulai imebanwa pembeni, kapasita zake zimevimba kichwa. Kelele za pawa zinapanda moja kwa moja kwenye sauti. Kapasita za kutolea sauti zikikauka, besi inapotea. Zile transista zinazonyamazisha sauti deki inapotafuta wimbo zikianza kuvuja, sauti inakwaruza. Ukitoa namba kwa koaksia unaruka vyote hivyo kwa mkupuo, na utaapa kwamba DAC ni muujiza. Lakini kapasita mpya na transista mbili zingekufanyia muujiza uleule kwa hela ya chai.

Leteni hoja. Andika deki aina gani, sauti inatoka wapi inaingia wapi, na unasikia nini.

#2 Zao_la_Makete

Nimeweka kambi. Huku baridi, natafuta uzi wa kulalia.

#3 Kihesa_Juu

Kamwene wakuu. Fundi nakuheshimu, lakini nina ushahidi sebuleni. Nina Marantz CD-80 niliyoinunua kwa mmisionari mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ndani kuna TDA1541A, chipu ambayo watu duniani wanaitafuta kwa tochi. Mdogo wangu ameniletea DAC mpya yenye chipu ya kampuni ya ESS kutoka Dar, ndogo, inang'aa. Nimeziunganisha zote mbili kwenye amplifaya moja nabadilisha kwa kitufe. Marantz ina mwili, sauti ya mwimbaji inakaa mbele yako. Ile mpya ni safi lakini imekonda. Kwa hiyo mimi nasema ya ndani inashinda, na siyo kwa sababu za pawa sapulai. Ni chipu yenyewe.

#4 Fundi_Mafiati

Kamwene mkuu. CD-80 ni mashine, usiiuze hata wakikubembeleza. Ila kabla hatujaipa chipu sifa, nijibu: je, umelinganisha kiwango cha sauti?

Sikio la binadamu, sauti ikizidi kidogo tu, halisemi "imezidi". Linasema "ina mwili", "imesogea mbele", maneno yaleyale uliyoandika. Tofauti ya desibeli 0.2 inatosha kuharibu mlinganisho. Kwa volti, kifaa kimoja kikitoa 2.00 na kingine 2.05, tayari umeivuka. Deki za sidii kwa kawaida hutoa kama volti 2 pale juu kabisa, lakini "kama" hiyo ina nafasi kubwa: nimekutana na za volti 2.3, na deki za DVD zisizofika 1.5. Huwezi kuamua chipu kwa hali hiyo.

Fanya hivi. Choma sidii yenye mlio mmoja wa hezi 400, dakika chache. Usitumie kilohezi 10, mita zetu hizi za mafundi zinadanganya huko juu. Weka mita kwenye volti za AC, pima kwenye jeki za RCA (za kutolea sauti) za Marantz, halafu za DAC. Kama DAC ina kitufe cha sauti, ilete hadi zisome sawa. Kisha mtu mwingine abadilishe, wewe usijue ipi inalia. Usipofanya hicho cha mwisho, unachokilinganisha ni fenicha.

#5 Mama_Kwaya_Tukuyu

Shikamoo fundi, shikamooni wote wakubwa. Mimi nasimamia vyombo vya kwaya yetu huku Tukuyu. Tuna VCD zetu za zamani, rekodi zote ziko humo, tunazipiga kwenye deki ya DVD kwenda kwenye miksa, kutoka miksa kwenda amplifaya. Kuna mambo mawili. La kwanza, sauti imefifia, kama waimbaji wamefunikwa blanketi. La pili, kuna mvumo, mmmmm, hauishi hata tukisimamisha diski. Mzee wa kamati amesema tuchange tununue DAC. Je tuchange?

#6 Fundi_Mafiati

Marahaba mama. Msichange bado. Haya ni magonjwa mawili tofauti na DAC haitibu la kwanza hata kidogo.

VCD siyo sidii. Sauti yake imebanwa kwa MPEG, biti 224,000 kwa sekunde, wakati sidii ina milioni moja na laki nne na kitu. Yaani imebaki chini ya sehemu moja ya sita. Tena waliozitengeneza wengi walibana rekodi ambayo ilikuwa imeshabanwa. Kilichotupwa siku ile hakirudi, hata ulete DAC ya bei ya kiwanja cha Uyole. Ulizeni studio iliyowarekodi kama bado wana faili za mwanzo. Hilo ndilo la kuchangia nauli.

Mvumo ni habari nyingine. Niambie, hiyo deki imeunganishwa na TV? Na TV imeunganishwa na dishi? Kama ndiyo, chomoa waya wa dishi nyuma ya kisimbuzi wakati mvumo unalia. Ukikata, basi ni ethi (waya wa kwenda ardhini) mbili zinazozungushana: ethi ya dishi kule nje na ethi ya miksa humu ndani, umeme mdogo unapita kwenye waya wenu wa sauti. Na tafadhali, asitokee kijana akakata pini ya ethi kwenye plagi ya miksa ili mvumo uishe. Utaisha kweli, na siku umeme ukivuja kwenye bodi ya miksa, aliyeshika maikrofoni ndiye atakayekuwa ethi. Kwa radi za Rungwe naomba hili mlitangaze.

#7 Mwanachuo_Iyunga

Naongezea nyama kwenye alichosema fundi, maana hii ndiyo mada yangu.

Kwenye jita, wahandisi wa Dolby walifanya majaribio na kuyatoa mwaka 1998. Hata kwa mlio mtupu uliochaguliwa ili jita ionekane kirahisi, wasikilizaji walianza kuisikia ikifika takriban nanosekunde 10. Kwa muziki ilihitajika kubwa zaidi. Vifaa vingi vya leo, hata vya kawaida, viko chini ya hapo mbali sana. Kwa hiyo fundi, nakuunga mkono kwamba kimuundo cha ndani kina kazi rahisi, lakini kwa masikio hiyo siyo hoja ya kumfanya mtu aogope waya wa koaksia.

Ya pili ni ya 2007, Meyer na Moran wa Marekani. Walichukua diski za ubora wa juu, SACD na DVD-Audio, wakazipitisha kwenye kifaa kinachozigeuza kuwa biti 16 kwa kilohezi 44.1 na kuzirudisha tena kuwa umeme, kisha wakawauliza wasikilizaji ipi ni ipi. Majibu 554, yaliyo sahihi 276. Ungerusha sarafu ungepata hivyohivyo. Angalia walichofanya: waliongeza kigeuzi kizima katikati, cha kwenda na cha kurudi, na watu hawakukisikia.

Mkuu wa Kihesa, hii haisemi kwamba husikii kitu. Inasema kama unasikia tofauti kubwa kiasi hicho, kuna sababu kubwa kiasi hicho, na chipu mbili nzima haziwezi kuwa sababu hiyo.

#8 Kihesa_Juu

Kijana, sarafu zako na Wamarekani wako nimewasikia. Mmarekani hajakaa sebuleni kwangu.

Hata hivyo nimefanya kazi ya fundi. Mita inasoma Marantz juu kuliko DAC, nimeishusha hadi zikawa sawa kwa kupitia miksa ndogo. Shemeji akawa anabadilisha, mimi nimegeukia ukutani. Tofauti imepungua, nakiri hilo, ule "mwili" karibu wote umeondoka. Lakini haijaisha. Juu kabisa, kwenye matoazi, Marantz ni laini zaidi, na hapo nilikuwa namtajia shemeji ipi inalia na nikawa napatia mfululizo. Mnasemaje?

#9 Fundi_Mafiati

Nasema inawezekana kabisa, na umenifurahisha kwa kugeukia ukuta.

Ila angalia vitu viwili kabla ya kuisifia TDA1541A. Kwanza umepitisha Marantz kwenye miksa na DAC hukuipitisha, kwa hiyo sasa unalinganisha Marantz pamoja na miksa. Ipitishe DAC nayo. Pili, mashine hiyo ina umri. Kapasita za kuchuja kwenye hatua ya kutolea zikizeeka thamani yake inahama, na sauti ya juu inaweza kushuka. Ulaini unaoupenda unaweza kuwa ni uzee. Njoo nayo Mbeya siku ukipanda basi, nitaipima kuanzia hezi 20 hadi kilohezi 20 na nitakuchorea mstari wake. Kama mstari umenyooka, nitakaa kimya.

#10 Kihesa_Juu

Na kama umeshuka utataka kubadilisha kapasita? Acha. Naipenda hivyohivyo.

#11 Mwanachuo_Iyunga

Hiyo ni haki yako mkuu. Lakini basi umeshinda kwa kapasita, siyo kwa chipu.

#12 Njombe_Stendi

Wakuu nina shida ya haraka. Nimenunua hiki kiboksi, nimetoa koaksia kwenye deki. Nikiweka sidii inaimba vizuri. Nikiweka DVD ya filamu napata kelele kama mvua kwenye bati, chhhhhh, au kimya kabisa. Nimerudisha dukani wakanipa kingine, vilevile.

#13 Fundi_Mafiati

Kiboksi hakina kosa, cha kwanza wala cha pili. Ingia kwenye menyu ya deki, sehemu ya sauti, tafuta mpangilio wa kutoa dijitali. Umekaa kwenye RAW au Bitstream. Weka PCM au LPCM.

Sababu: DVD nyingi zimefungwa sauti ya Dolby Digital. Ukiwa kwenye RAW, deki inaitupa nje ikiwa bado imefungwa, ikitarajia upande wa pili kuna amplifaya ya sinema inayojua kuifungua. Kiboksi chako kinajua namba za kawaida za njia mbili tu, kinazisoma zile zilizofungwa kama sauti, ndiyo hiyo mvua. Ukiweka PCM deki inafungua yenyewe. TV za kisasa zina mpangilio huohuo, nazo zinawasumbua watu hivyohivyo kwenye tundu la optiki.

#14 Njombe_Stendi

Imekubali!! Dukani walikuwa wananiangalia kama mwizi.

#15 Soko_Matola

Mimi napita tu. Simu yangu ya sasa haina tundu la earphone, nimenunua kale kawaya kadogo ka USB-C. Mtoto wa dukani ananiambia "hiyo nayo ni DAC". Ananitania?

#16 Mwanachuo_Iyunga

Hakutanii. Mara nyingi kuna chipu ndani ya kale kakichwa. Ka Apple kaliuzwa dola 9, na waliokapima walikuta kelele na upotoshaji wake viko chini sana, kanashindana na masanduku ya bei mara kumi. Tatizo lake ni kiwango: kanatoa volti 1 hivi, nusu ya deki ya sidii, na toleo la Ulaya ni nusu ya hapo. Kwenye sabufa utaongeza sauti tu, basi.

Tena kwa USB lile suala la mapigo limepinduliwa. DAC nyingi za USB za sasa zina kristali yake na ndizo zinazoiambia simu au kompyuta "lete nyingine". Hakuna kuchambua mapigo kutoka kwenye waya.

Na kwa wanaoabudu majina ya chipu: Oktoba 2020 kiwanda cha AKM, watengenezaji wa chipu za DAC, huko Nobeoka, Japani, kiliungua. Chipu zao zikaadimika, kampuni nyingi zikachora upya vifaa vyao na kuweka za ESS. Maisha yakaendelea.

#17 Zao_la_Makete

Bado niko macho. Swali: SACD je? Mjomba anazo chache.

#18 Fundi_Mafiati

Hapo ya ndani inashinda bila mechi. SACD ilikuja 1999 ikiwa na kufuli: namba zake, za mfumo wake wa DSD, haziruhusiwi kutoka kwa koaksia wala optiki ya kawaida. Ukichomeka DAC ya nje utapata kimya, au tabaka la sidii kama diski ina matabaka mawili. Mjomba atumie jeki za RCA za deki yake.

Na kwa vile uko Makete: deki iliyolala chumba cha baridi usiiwashe mara tu ukiihamishia penye jiko la mkaa. Umande unakaa kwenye lenzi, diski haisomi, na wengi wanakimbilia kubadilisha lenzi nzima. Iache saa moja au mbili kwanza.

Lenzi ndiyo inayoua deki, siyo kigeuzi. Ndiyo maana mwenye sidii nyingi namshauri azihamishie kwenye kompyuta zikiwa bado zinasomeka, kwa faili zisizobanwa. Huyo sasa DAC ya nje inamfaa kweli, kwa sababu hana tena deki. Anayo kompyuta na TV na simu na kisimbuzi, vyote vinahitaji mlango mmoja wa kuingilia kwenye amplifaya. Kununua DAC kwa sababu ya milango ni uamuzi wa mtu mzima.

#19 Kihesa_Juu

Na aliyebakiza hela?

#20 Fundi_Mafiati

Spika. Daima spika. Kati ya DAC mbili nzima tofauti ni sehemu za desibeli. Kati ya spika mbili ni desibeli kadhaa, na ukisogeza ileile kutoka kwenye kona ya chumba besi inabadilika mbele yako, bure.

#21 Mama_Kwaya_Tukuyu

Fundi, ndaga fijo. Tumechomoa waya wa dishi, mvumo umekata hapohapo, watu wakapiga vigelegele kanisani. Lakini wazee wanataka pia matangazo ya TV yatoke kwenye spika za ukumbini, kwa hiyo dishi lazima lirudi. TV ina tundu la optiki. Sasa ndiyo tununue?

#22 Fundi_Mafiati

Sasa ndiyo, mama. Kile kidogo cha bei ya chini kinawatosha. Waya wa optiki unapitisha mwanga, haupitishi umeme, kwa hiyo ethi za dishi na za miksa hazitakutana pale. Yafuateni haya: kiboksi kipewe adapta yake ya volti 5 ukutani, msikichomeke USB ya TV, maana mtakuwa mmezirudisha ethi kwa mlango wa nyuma. Waya usizidi mita 5 na usikunjwe kwa kona kali. TV iwe kwenye PCM, kama nilivyomwambia wa Njombe. Na deki nayo ihamishieni kwenye TV kwa waya wake wa picha na sauti, isiguse miksa tena. Vyote vitatoka kwa optiki moja.

#23 Mama_Kwaya_Tukuyu

Deki ina koaksia pia, kiboksi kina matundu yote mawili. Tukiamua kuipeleka deki moja kwa moja kwenye kiboksi? Waya wa koaksia huku haupatikani.

#24 Fundi_Mafiati

Ukichomeka koaksia unaunganisha chuma kwa chuma, kwa hiyo hakikisheni deki hiyo haijaunganishwa na TV kwa waya wowote, la sivyo mvumo unarudi. Waya usiutafute mbali. Ule wa njano wa video uliokuja na deki ni wa omu 75, ndio huohuo. Chomekeni wa njano kwenye tundu la koaksia, rangi isiwatishe.